Feni Kuukuu Usiichomeke Kabla ya Kusoma Kibati Chake

Kwa wakazi wa Kasokola, na kwa yeyote wa Mpanda na vijiji vyake ambaye siku hizi amenunua, amerithi au amepewa feni ya chuma ya zamani: usiichomeke. Kama imeshachomekwa, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, halafu rudi uendelee kusoma. Usiamini kitufe cha feni yenyewe. Mbele nitaeleza kwa nini kitufe hicho kinaweza kukuambia imezimwa na bado ikakupiga shoti. Kuna feni moja hasa ninayoitafuta. Nitaieleza mwishoni, na aliye nayo ataitambua.

Nasema sasa kwa sababu joto limeingia. Kila anayeishi Katavi anaijua Oktoba yetu. Mchana mabati yanalia kwa kutanuka, usiku chumba kinahifadhi moto kama chungu kilichoepuliwa, na watoto wanalala vifua wazi sakafuni. Feni za plastiki zinakwisha madukani, na pesa ya mavuno nayo imeshakwisha. Ndipo watu wanapoikumbuka ile feni ya babu iliyokaa stoo miaka thelathini. Wengine wanakwenda kwa mnunuzi wa skrepa kuchagua iliyo nzima kabla hajaivunja. Wengine wanashusha mzigo wa mitumba uliochanganyika na vyombo vya umeme kutoka kila pembe ya dunia. Mimi ni fundi wa kusuka mota, na mwezi huu nimeletewa feni za namna hiyo nyingi kuliko nilizoziona mwaka mzima.

Zamani hatari hii ilikuwa ndogo kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa haba. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, mgawo ukiwa jambo la kawaida, na vijijini watu walitegemea sola au vibatari. Kisha nguzo za REA zikasogea vijijini, na njia ya msongo wa kilovolti 132 ikajengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga kuja kwetu. Hilo ni jema, na silibezi. Lakini vitu vya kale vilivyolala kwa kukosa umeme sasa vinaamka, na kila kimoja kinaamka kikidhani bado kiko kwenye umeme wa nchi kilikotengenezwa.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa Kasokola alifika na baiskeli, feni imefungwa kwa mpira kwenye keria. Nikamwamkia, akaitikia, akaishusha mwenyewe. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mapanga manne ya shaba ya njano, kitako cha chuma cha kuyeyushwa, wavu wa nyaya chache zilizoachana kiasi cha kupitisha ngumi ya mtoto.

"Fundi, nifungie plagi tu. Feni yenyewe nzima, hebu izungushe uone."

Nikaizungusha kwa kidole. Kweli ilizunguka kwa ulaini, ikachukua muda kusimama.

"Unaona? Ya kale ni dhahabu."

Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nikafuta kibati kilichokuwa mgongoni mwa mota. Maandishi yakajitokeza taratibu: 110 volts, 60 cycles, A.C.

"Mzee, hii imetengenezwa kwa umeme wa Amerika."

"Basi si ndiyo nzuri zaidi?"

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Si mzee peke yake anayefikiri hivyo. Chuma cha feni ile kilikuwa kizuri kwelikweli, na hakuna kiwanda cha leo kinachotoa kitako cha namna ile kwa bei ya mtu wa kawaida. Ila mtu hauawi na kitako. Kinachoua ni vile visivyoonekana: waya wa ndani uliovikwa mpira na pamba, vanishi ya koili, karatasi nyembamba inayotenganisha shaba na chuma. Chuma kinakaa miaka mia. Mpira unakauka, unakuwa kama biskuti, ukiukunja unapukutika mkononi. Feni ya kale ni mzee mwenye mifupa imara na mishipa iliyochakaa, na umeme unapita kwenye mishipa.

Tuanze na kibati, kwa sababu ndicho kinachotenganisha feni ya kutengenezwa na feni ya kuwekwa kabatini kama pambo. Umeme unaofika nyumbani kwako Kasokola ni wa volti 230, AC, mizunguko 50 kwa sekunde. Feni iliyoandikwa 110, 115 au 120 imetengenezewa karibu nusu ya hapo. Watu hudhani nusu maana yake itakimbia mara mbili, basi. Sivyo. Waya uleule ukiusukuma kwa volti mara mbili, joto lake halizidi mara mbili bali mara nne na zaidi. Kwenye mota hali ni mbaya kuliko hapo, maana chuma cha ndani kikishashiba usumaku kinaacha kuuzuia umeme, na umeme unamiminika kwenye koili kama maji yaliyobomoa tuta. Mtego ni kwamba feni hiyo itafanya kazi. Utaichomeka, itavuma kuliko feni zote ulizowahi kuziona, watoto watashangilia, jirani ataitwa aje aone. Dakika chache baadaye utasikia harufu kama ya samaki aliyeungua, na ukichelewa utaona moshi. Mtu aliyeijaribu dakika moja na kuiona inazunguka anaondoka akisema ni nzima. Wengi wanauziana kwa jaribio la dakika moja.

Tazama pia neno linalofuata. Hertz au Hz ni lugha ya miaka ya 1960 na kuendelea. Kibati kikiandika cycles, cy au c/s, ujue mota hiyo huenda imemzidi umri mwenye nyumba. Ikiwa ni 60, hata ukiipatia transfoma ya kushusha volti hadi 110, kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 itakwenda polepole na kupata moto kuliko kawaida yake. Inaweza kuvumilia. Si ya kuachwa usiku kucha.

Kuna pia herufi mbili ambazo watu wanazipita bila kuzitazama: A.C. au D.C. Hapa naomba subira kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi vijana wanapokwama.

Feni ya umeme ya mezani ilibuniwa Marekani na Schuyler Wheeler mwaka 1882, ikiwa na mapanga mawili tu, na ilitumia DC kwa sababu umeme wa mijini wakati huo ulikuwa wa DC. Hati za Nikola Tesla za mota ya AC isiyo na brashi zilitoka mwaka 1888. Kuanzia hapo, kwa miongo mingi, aina mbili za umeme ziliishi pamoja duniani, mtaa huu DC, ule wa pili AC, na viwanda kama Emerson wa St. Louis, General Electric, Westinghouse, GEC ya Uingereza na Marelli wa Italia vilitengeneza feni za kila namna kufuata umeme wa mteja. Mashambani, migodini na misheni ambako hakukuwa na laini, watu walifunga injini ndogo na betri. Mitambo hiyo ilitoa DC ya volti 32, 50 au 110. Mabehewa ya abiria yalikuwa na dainamo kwenye ekseli na betri chini ya sakafu, kwa hiyo feni zake nazo ni za DC, mara nyingi volti 24.

Sasa fikirini Mpanda yetu ilivyoanza. Mgodi wa risasi wa Mukwamba, chini ya kampuni ya Uruwira Minerals, ndio ulioivuta reli kutoka Kaliua hadi hapa, nayo ikafunguliwa mwaka 1950. Karema, kule ziwani, wamisionari wamekuwapo tangu 1885. Mgodi, reli, misheni: sehemu tatu ambazo Mzungu mwenye joto angetaka feni, na zote tatu ni za aina iliyokuwa ikijizalishia umeme wake. Sisemi kila feni kuukuu ya Katavi ilitoka huko. Nasema usishangae ukikuta kibati cha D.C. nyumbani kwa mtu ambaye babu yake alifanya kazi relini.

Hata neno pangaboi, tunaloitia feni ya darini, ni kumbukumbu ya enzi hizo za Wazungu. Kabla ya mota, tajiri wa Kihindi au Mwingereza alimweka kijana, boi, wa kuvuta kamba ya kitambaa kilichoning'inia darini ili kimpepee, pankha kwa Kihindi. Boi akaondoka, mota ikaja, jina likabaki darini. Watoto wetu wanadhani limetokana na panga kwa sababu ya yale mapanga yake, na ukiona kasi yake huwezi kuwalaumu.

Ukichomeka feni ya DC kwenye umeme wa TANESCO, brashi zitatoa cheche, chuma kitachemka, na kama ni ya volti 24 huna hata muda wa kushangaa. Kosa la upande wa pili nalo ninalikuta kila mara kwa sababu ya sola. Mtu anachukua feni ya AC ya zamani anaiunga moja kwa moja kwenye betri kadhaa zilizounganishwa. Haizunguki. Anangoja. Mota ya AC inajilinda na umeme kwa kule kubadilika-badilika kwake, na ukiipa DC unaiondolea ngao hiyo, ikabaki waya mtupu unaochemka kimya. Inveta za bei ya chini nazo zinatoa AC ya kukatakata. Mota kuukuu ikiunguruma kwa sauti ya nyuki juu ya inveta, izime, maana ngurumo hiyo ni joto linalotafuta pa kutokea.

Na kama kibati hakipo? Vibati vingi vimeng'olewa, vimepakwa rangi au vimeliwa na kutu. Hapo ni lazima kufungua, plagi ikiwa nje, na mfunguaji awe anajua anachokitafuta.

Tazama kwanza ncha ya nyuma ya rota. Ukikuta vipande viwili vya kaboni vinavyokanyaga gurudumu dogo la shaba lililokatwakatwa kama keki, hiyo ni mota ya brashi. Ni ya DC, au ni ile inayokula umeme wa aina zote mbili kama mota ya blenda. Kutofautisha hizo mbili kunahitaji kutazama chuma cha pembeni. Kikiwa cha mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za daftari, inaweza kuwa ya umeme wote. Kikiwa cha donge moja zito, ni ya DC tu. Kwa vyovyote, mota ya brashi isiyo na kibati haina volti unayoweza kuikisia kwa macho. Usiijaribu kwa soketi. Mafundi tunaanza chini kabisa, kwa betri ya volti 12, tunapima inavuta ampea ngapi, kisha tunapanda taratibu.

Usipokuta brashi, na rota ikawa pipa la chuma lisilo na waya wowote, hiyo ni ya AC peke yake. Zipo za namna tatu ninazokutana nazo. Ya kwanza ina pete nene ya shaba kwenye kona ya kila ncha ya chuma, haina kapasita, nguvu yake ndogo, na inapata joto hata ikiwa nzima. Nyingi za feni ndogo za mezani ni hizi. Ya pili ina koili mbili, moja nene ya kukimbia na moja nyembamba ya kuanzia, na swichi inayofunguka yenyewe mota ikishapata kasi. Ukitega sikio utasikia tik inapokolea, na tik nyingine inaposimama. Hii ndiyo ninayoihofia kuliko zote katika feni za zamani. Swichi hiyo ikiganda kwa kutu, koili nyembamba iliyokusudiwa kufanya kazi kwa sekunde mbili tatu inabaki kazini, na inaungua wakati feni inazunguka vizuri kabisa. Usiposikia tik, usiendelee. Ya tatu ina kapasita, kijisanduku au kikopo cha microfaradi moja na nusu hadi mbili na nusu kwa kawaida. Pangaboi nyingi za India na Pakistani ni za hivi.

Kuhusu kapasita: za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 zinaweza kuwa na mafuta yenye sumu ya PCB, ile iliyopigwa marufuku duniani na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Ikivimba au ikivuja, usiitoboe, usiichome, usiyaguse mafuta yake kwa mkono mtupu. Naongeza hili kwa sababu watu hawayaogopi mafuta ya vyombo vya umeme: nchini Kenya kumeripotiwa wezi wa mafuta ya transfoma yanayoishia kwenye karai la chipsi, na nimewahi kumwona kijana hapahapa akijipaka mafuta ya kapasita kwenye mkwaruzo akiita dawa. Kapasita mpya ya feni ni kitu cha bei ndogo.

Sasa niliyoahidi mwanzoni: shoti.

Feni hizi mwili wake wote ni chuma, kitako, shingo, wavu hadi kishikio cha kuinamishia. Mpira wa waya ukipukutika mahali popote ndani, shaba inagusa chuma na feni nzima inakuwa waya. Kwa kawaida athi ingeokoa. Lakini feni nyingi za zamani zilitengenezwa na waya mbili tu, bila athi. Na plagi yake ya miguu miwili haiingii kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Tunafanyaje? Kila mtu anajua. Unachukua kijiti cha kiberiti au mfuniko wa kalamu, unakichomeka kwenye tundu la juu, vizuizi vinafunguka, plagi inaingia. Kijiti hicho kimekaa kwenye tundu la athi, mahali ambapo ulinzi wako ungekuwa. Na kwa kuwa plagi ya miguu miwili inaingia upande wowote, mara nyingine moto, yaani waya wenye umeme, unapita kwenye swichi ya feni, mara nyingine unaingilia mlango wa nyuma. Ukiingilia nyuma, ukizima kwa kitufe mapanga yanasimama huku mota yote ikiwa bado na moto. Ndiyo maana nilisema usiamini kitufe.

Rangi za nyaya nazo zina uongo wake. Katika waya za zamani za Kiingereza, ambazo nyumba nyingi za Tanzania bado zinazo, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni athi. Katika feni ya Marekani nyeusi ndiyo moto na nyeupe ndiyo nyutro. Fundi anayefunga nyeusi kwa nyeusi kwa uaminifu wote amegeuza feni bila kujua.

"Nyumba yangu ina sakiti breka," utasema. Breka ya ampea 16 inalinda waya wa ukutani usiungue. Umeme wa kumsimamisha mtu moyo ni sehemu ndogo sana ya ampea moja, miliampea 30 tayari ni hatari, na breka hiyo haitauona hata ukipita mwilini mwako usiku kucha. Kinachouona ni RCD, kile kikata umeme chenye kitufe kidogo cha kujaribia kilichoandikwa T. Nenda ukatazame kwenye boksi lako. Kipo? Kibonyeze. Kikikata, una bahati. Nyumba nyingi ninazoingia hazina.

Halafu kuna jambo la majira. Nondo ya athi iliyozikwa nje ya nyumba inategemea unyevu wa udongo kuupeleka umeme ardhini. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshiba, hufanya kazi yake vizuri. Mwezi wa kumi udongo wetu umekauka na kupasuka, na nondo ileile iliyopimwa ikaonekana nzuri wakati wa masika inakuwa kama imechomekwa kwenye gunia la mchanga. Ndani ya nyumba nako mambo yamegeuka. Mtu ana jasho, ngozi imelowa, yuko miguu peku juu ya sakafu ya saruji, na anashika feni ya chuma kuisogeza karibu na kitanda. Nje pakavu, ndani pamelowa. Wakati ambapo feni inahitajika kuliko wakati wote ndio wakati ambapo athi ni dhaifu na mwili uko tayari kupitisha. Mwagilieni maji penye nondo, hilo linasaidia kidogo.

Kabla feni ya chuma haijarudi kazini, fundi apime kwa mega ya volti 500, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, kati ya miguu ya plagi na mwili wa feni. Isipofika megaomu moja, haichomekwi. Testa ya bisibisi haitoshi. Inawaka kwa moto wa kweli na kwa hewa tu, na nimeona watu wakiizoea kiasi kwamba ikiwaka wanasema "kawaida yake hiyo". Waya mkuu utolewe wote, uwekwe mpya wa nyaya tatu, kijani-njano ikazwe kwa skrubu kwenye chuma cha kitako. Kufungia selotepu nyeusi juu ya mpira uliokauka ni kumvisha maiti shati.

Moto wa nyumba unakuja kwa njia nyingine, na hapo wanaokosea ni akina sisi wenyewe tunaopenda kutunza vitu. Mota hizi zinazunguka juu ya bushi za shaba zenye kitambaa cha kufyonza mafuta. Mtu anaona rota ngumu, anachukua mafuta ya alizeti au mawese jikoni, anadondosha. Siku hiyo inalainika. Baada ya wiki mbili, kwa joto la mota, mafuta hayo yanakuwa gundi. Rota inashikwa. Feni iliyoshikwa huku ina umeme haitulii, inaunguruma tu na kuvuta ampea nyingi kuliko inapozunguka, na haina hewa ya kujipooza. Wakati huo mwenyewe amelala, chandarua kimening'inia kando, godoro la sponji liko karibu. Tumieni mafuta ya cherehani, matone machache, baada ya kusafisha gundi yote. Na feni ya kale isikae na mtu aliyelala. Wavu ukiwa na nafasi za kupitisha kidole, isikae na mtoto hata aliye macho, maana mapanga ya shaba hayainami kama plastiki.

Zile zisizofaa zinaishia kwenye skrepa, na huko tabia ni kuzichoma ili shaba itoke. Moshi wake una vanishi, plastiki ya waya, risasi ya lehemu na ya rangi ya zamani. Sisi wa Mpanda tunajua risasi ni nini, tumeichimba. Wanaozunguka moto huo ni watoto wanaotumwa kukaa na kuchochea. Koili hukatwa kwa tindo na kuvutwa kwa koleo. Inachukua nusu saa zaidi, na shaba safi isiyoungua bei yake ni nzuri kuliko iliyochomwa.

Akipigwa mtu, usimshike. Kata umeme kwenye boksi kuu. Usipolifikia, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Asipohema, mbonyeze kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuchoka, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Kumnywesha maziwa hakusaidii hapo. Moto ukishika, umeme ukatwe kwanza, maji yasimwagwe juu ya kitu kilichochomekwa, na Zimamoto wanapatikana kwa 114.

Anayetaka feni yake ichunguzwe amtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, amwombe aone mega kwa macho yake. Asiye na mega aseme hana. Sitamcheka, lakini asikufungie plagi.

Nirudi kwa mzee. Nilimweleza yote haya, ingawa si kwa urefu huu. Akanisikiliza huku akilisugua lile panga la shaba kwa kidole gumba. Nikamwomba ruhusa, nikaukata waya wa feni kwa koleo mbele yake, karibu kabisa na kitako, ili asije mjukuu akaujaribu. Akaifunga tena kwenye keria. Aliposhika usukani akasimama.

"Fundi, zilikuwa mbili."

"Mbili?"

"Ya pili nilimuuzia kijana mmoja mwezi jana, pale barabarani. Simfahamu jina. Alisema anampelekea mama yake."

Feni hiyo ina mapanga manne ya shaba ya njano, kitako cha mviringo chenye rangi ya kijani iliyochubuka upande mmoja, na waya uliovikwa uzi wa pamba wa kahawia. Mguu mmoja wa mpira chini ya kitako umetoka, umewekewa kipande cha ndala. Kama iko nyumbani kwenu, au kwa mama wa mtu unayemjua, ichomoeni sasa hivi.